Wiki tatu kwenda Alaska kwa boti ndogo: zinatosha?

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Tanga anayeishi Tacoma katika jimbo la Washington, amenunua boti ya futi 32 yenye injini moja ya dizeli na mwendo wa noti 7, yaani maili 7 za bahari kwa saa. Ana likizo ya wiki tatu mwezi Julai. Anataka kumchukua mkewe na watoto wao wawili, wa miaka 7 na 11, hadi Juneau na kurudi, kwa ile njia ya ndani inayopita kati ya visiwa vya Kanada na Alaska. Anauliza: "Mimi nimekulia baharini, mawimbi na maji kupwa nayajua. Huko kaskazini kuna nini cha kuogopa ambacho Tanga hakuna? Na wiki tatu zinatosha? Mke wangu naye anauliza kama kome na chaza wa huko wanalika."

Ndugu yangu, nitaanza na la wiki tatu, maana likishaeleweka hilo mengine yatafunguka yenyewe.

Hazitoshi. Chukua kalamu tupige hesabu. Kutoka kwako hadi Juneau ni takriban maili 900 za bahari. Kwenda na kurudi 1,800. Kwa noti 7 hizo ni saa 257 za injini kuunguruma. Zigawe kwa siku 21, unapata zaidi ya saa 12 kila siku bila kukosa hata moja. Hapo hujasubiri maji yasimame penye mkondo mkali, hujalala bandarini kwa sababu ya upepo, hujajaza mafuta, hujaripoti forodha, na watoto hawajakanyaga nchi kavu. Ratiba ya namna hiyo itakufikisha mahali fulani asubuhi moja ambapo hali ya hewa inasema kaa, na likizo inasema nenda. Katika miaka yangu ya kushughulika na boti za pwani hii, karibu kila aliyenisimulia safari iliyomtisha alikuwa na tarehe ya kuwahi: ndege ya mgeni, kazi Jumatatu, gati lililolipiwa. Kwa hiyo ukiniuliza kifaa kipi cha usalama cha kununua kwanza, nitakwambia nunua siku.

Sasa la Tanga. Ulichokulia nacho ni hazina, lakini kina mambo mawili ambayo huku yatakudanganya.

La kwanza ni upepo. Kwetu pwani mwaka una mpangilio wake. Kaskazi ikishika unajua, kusi ikishika unajua, na wazee waliabiri hadi Uarabuni na kurudi kwa kuutegemea mpangilio huo. Huku kiangazi kina pepo mbili zinazopokezana bila kukuaga. Hewa nzito ikitawala juu ya Pasifiki, upepo hutoka kaskazini-magharibi, anga jeupe, na mchana hupanda hadi noti 25 au 30 kwenye milango-bahari mirefu. Mfumo wa mvua ukiingia, upepo hugeuka na kutoka kusini-mashariki, mawingu yanashuka hadi kwenye misonobari. Mabadiliko hayo huchukua siku moja, pengine nusu siku. Utabiri wa siku mbili unaaminika; wa wiki usiupangie safari. Upande wa Kanada, taarifa za hali ya hewa zinasomwa mchana kutwa kwenye chaneli maalumu za redio ya VHF, na kati ya taarifa hizo kuna za walinzi wa minara ya taa, kwa sababu British Columbia bado ina minara yenye watu wanaoishi humo. Mlinzi wa Pine Island au Egg Island anatoka nje, anaitazama bahari kwa macho yake, anasema mawimbi ni futi ngapi na ukungu uko wapi. Mimi taarifa hiyo naithamini kuliko ramani yoyote ya rangi kwenye simu.

La pili ni maji. Umezoea kupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kupwa zote mbili karibu zinalingana. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya Tanga hufika mita 4 hivi. Kwenye bandari za huku za Prince Rupert na Ketchikan hufikia mita 7. Na kupwa mbili za siku moja hazilingani: ya jioni inaweza kushuka kidogo tu, halafu ya alfajiri ikashuka mita mbili zaidi. Mtu anatia nanga jioni penye kina kizuri, anakula, analala, anaamka boti imepwelewa juu ya mawe. Kwa hiyo usiangalie kupwa utakayoiona kabla ya kulala. Angalia zote za saa 24 zijazo, na mnyororo upime kwa kina cha maji yatakapojaa: kina mara tano kama nafasi ipo, mara nne ikiwa imebana. Hori za huku zimechimbwa na barafu ya kale, kingo zake zinazama wima, na utatia nanga penye mita 20 hata 25 ukiwa karibu na miti. Boti nyingi za futi 32 zinauzwa na mnyororo usiofaa kwa hilo. Ongeza hadi mita 100 au zaidi za mnyororo na kamba, na uwe na kamba nyingine ndefu ya kufunga tezi, yaani nyuma ya boti, kwenye mti wa ufukweni pale ambapo hakuna nafasi ya kuzunguka.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo utakapokutana na mlango wako wa kwanza mgumu: Seymour Narrows, kaskazini kidogo ya mji wa Campbell River. Kisiwa cha Vancouver kinaziba pwani, kwa hiyo maji yanayojaa yanakizunguka kutoka ncha zote mbili, kaskazini na kusini, kisha yanakutana nyuma yake. Mlango huu mwembamba unapitisha ya upande wa kaskazini, na mkondo wake hufika noti 15. Boti yako inakwenda 7. Zamani katikati yake palikuwa na Ripple Rock, mwamba wenye vilele viwili vilivyojificha chini ya maji, uliozamisha au kuharibu vyombo zaidi ya 100 na kuua watu zaidi ya 100. Wahandisi walichimba njia chini ya sakafu ya bahari kutokea kisiwa cha Maud, wakajaza baruti zaidi ya tani 1,200, na tarehe 5 Aprili 1958 wakaulipua. Mwamba ulikwenda, mkondo ukabaki.

Unaupitaje? Kwanza, jedwali la kupwa na kujaa liweke pembeni. Unahitaji jedwali la mikondo, kwa kuwa saa ya maji kujaa pembezoni na saa ya mkondo kusimama mlangoni hazifanani hata kidogo. Pili, kumbuka kwamba hapo maji yanayojaa yanakwenda kusini na yanayopwa yanakwenda kaskazini. Wewe unapanda kaskazini. Kwa hiyo unasubiri Gowlland Harbour, ng'ambo ya Campbell River, hadi mwisho wa kujaa, na unauingia mlango pale mkondo unaposimama, ukibebwa na mwanzo wa kupwa. Kusimama kwenyewe ni dakika chache. Ukifika nusu saa kabla, subiri nje ukizunguka taratibu. Ukichelewa saa moja wakati wa bamvua, rudi ulikotoka ule chakula cha mchana.

Wengi hufanya hayo yote sawasawa, kisha wakaponzwa na kinachofuata. Kupwa ile ile iliyokubeba inakupeleka Mlango-Bahari wa Johnstone, na mchana upepo wa kaskazini-magharibi unashuka humo kukukabili. Mkondo unakwenda huku, upepo unakuja huku, mawimbi yanakuwa mafupi, wima na ya karibu karibu, boti inachimba omo, yaani pua yake, kila sekunde tatu. Hili unalijua. Ni kama Mkondo wa Pemba wakati wa kaskazi, maji yakipanda na upepo ukishuka. Tofauti ni kwamba hapa maji yamebanwa kati ya milima na kona za kukwepea ni chache. Dawa yake ni kuchagua siku ambazo mkondo unasimama alfajiri, upite kabla jua halijapanda, na kufikia saa nne au saa tano asubuhi uwe umeshajificha Port Neville au penginepo. Kama jedwali la wiki hiyo halina alfajiri ya namna hiyo, unangoja siku tatu nne hadi saa zisogee. Unaona siku zinavyokwenda?

Ukiendelea mbele ya Port Hardy, mji ulio karibu na ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Vancouver, visiwa vinaisha na unakutana na bahari kuu kwa maili 40 hivi kuzunguka Cape Caution. Nahodha George Vancouver aliipa rasi hiyo jina la tahadhari mwaka 1793, mwaka mmoja baada ya meli yake kupanda mwamba katika maji hayo. Upepo ukiwa mdogo bado kuna mawimbi marefu yanayotoka katikati ya Pasifiki, na mtoto wa miaka 7 atatapika. Hilo si la kutisha. La kutisha ni tangi lako la dizeli. Boti iliyokaa miaka marinani ina tope chini ya tangi, limetulia, hakuna anayelijua. Mawimbi ya Cape Caution yanalikoroga, tope linaziba chujio, na injini yako moja inazima mahali ambapo hutaki izime. Kabla ya safari yoyote, lipa fundi alisafishe tangi, kisha jifunze mwenyewe kubadilisha chujio na kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta, ukiwa umeinama, boti inayumba, mikono inanuka dizeli. Fanya mazoezi gatini hadi usihitaji kitabu. Beba vichujio vya kutosha, mkanda wa injini, na impela ya akiba ya pampu ya maji ya kupoza.

Baridi, sasa. Tanga mtu akianguka majini anacheka. Maji ya Johnstone mwezi Julai ni nyuzi 10 hivi. Daktari Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyetumia maisha yake kuchunguza mwili wa binadamu kwenye maji ya baridi, anafundisha kanuni rahisi ya moja, kumi, moja. Dakika 1 ya kwanza pumzi inakimbia yenyewe, na asiye na jaketi la kuokolea maisha anaweza kumeza maji hapo hapo, hata kama anaogelea kama samaki. Kisha una dakika 10 hivi ambazo vidole bado vinakutii. Kisha saa 1 kabla hujapoteza fahamu kwa mwili kupoa. Soma tena hiyo ya pili: ndani ya dakika kumi lazima mtu awe ameshapanda kwenye boti, kwa sababu baada ya hapo hawezi hata kushika kamba. Je, shemeji anaweza kukupandisha wewe peke yake? Hilo ndilo swali la kujibu kabla ya Julai. Ngazi ya nyuma inayofunguka kutokea majini, kamba ya kurusha iliyo tayari, na shemeji anayejua kuzima injini, kugeuza boti na kuita msaada kwenye chaneli 16. Na kila aliye nje ya chumba avae jaketi, watoto na watu wazima, hata bahari ikiwa kama kioo. Ndani ya boti mtawasha kipasha joto na jiko huku madirisha yamefungwa. Weka king'ora cha hewa ya kaboni monoksidi pale watoto wanapolala.

Magogo na ukungu nitayapitia haraka. Magogo yanayokatwa milimani hutoroka yakaelea, mengine yanasimama wima na kichwa tu kinachungulia. Kwa sababu hiyo usisafiri usiku, na huna haja, maana mwishoni mwa Juni Juneau ina mwanga wa jua zaidi ya saa 18. Ukungu ni wa asubuhi na huzidi Agosti. Rada si anasa, na ujifunze kuisoma siku ya jua wakati unaona kwa macho kile inachokuonyesha.

Msaada uko mbali, na hili nataka shemeji pia alisome. Simu itakosa mtandao kwa siku nzima nzima. Usiku wa tarehe 22 Machi 2006, feri ya Queen of the North ilikosa kugeuka mahali ilipopaswa, ikagonga kisiwa cha Gil na kuzama ikiwa na watu 101. Wawili hawakuonekana tena. Wale 99 waliokolewa, na miongoni mwa waliotangulia kuwafikia walikuwa watu wa Hartley Bay, kijiji kidogo cha wenyeji wa Gitga'at, waliotoka na boti zao za uvuvi gizani, huku waliobaki wakitayarisha blanketi na chai. Pwani ile inaishi hivyo. Redio yako iwe imewashwa kila wakati ukiwa njiani, uwe na kitoa ishara cha dharura cha EPIRB kilichosajiliwa kwa jina lako, na ukisikia mwingine anaita msaada karibu nawe, basi wewe ndiye uokoaji wenyewe. Vijijini humo omba ruhusa kabla ya kushuka kwenye maeneo ya wenyeji, salimia, nunua kwao.

Barafu, ile mito ya barafu inayoshuka milimani hadi baharini huko Alaska, nitaigusa kidogo kwa kuwa, kwa ushauri wangu, Julai hii hutaifikia. Utakapoifikia, kaa mbali na ukuta wake, na usifikirie vipande vinavyoanguka peke yake. Milima inayoachwa wazi na barafu inayorudi nyuma hukosa mhimili na hubomoka. Tarehe 9 Julai 1958, huko Lituya Bay, tetemeko liliporomosha mlima ndani ya ghuba na maji yakapanda ukingo wa pili hadi mita 524. Palikuwa na boti tatu za uvuvi zimetia nanga. Moja ilipotea na watu wake, na ile ya Howard Ulrich ilipanda juu ya wimbi na mwanawe mdogo ndani, wakapona. Si hadithi ya kale tu: Agosti 2025 mlima ulianguka Tracy Arm, kusini ya Juneau, mahali ambapo boti za starehe na meli za watalii zilikuwa zikipita kila kiangazi. Hifadhi ya Glacier Bay nayo inahitaji kibali kati ya Juni na Agosti, na boti binafsi zinazoruhusiwa kwa siku ni 25, kwa hiyo huombi ukiwa njiani.

Ningekuwa wewe ningefanyaje? Ningetumia wiki hizo tatu kufika visiwa vya Broughton na kurudi. Hadi Alert Bay, kijiji kilicho jirani na visiwa hivyo, ni takriban maili 300. Kwenda na kurudi ni saa 86 hivi za mwendo, saa nne na kidogo kwa siku, na unabaki na akiba ya kungoja kila alfajiri unayoitaka. Njiani kuna Desolation Sound. Vancouver aliiona ukiwa mtupu mwaka 1792, lakini mimi sijui mahali pazuri zaidi kwa watoto waliozaliwa na baba wa pwani. Yale maji ya kaskazini na ya kusini yanayokutana nyuma ya kisiwa hukutana jirani na hapo, hayatembei sana, jua linayapasha, na mwezi Julai yanaweza kuzidi nyuzi 20. Wataogelea. Alert Bay kuna kituo cha utamaduni cha U'mista, kilichofunguliwa mwaka 1980, chenye barakoa na vitu vya sherehe ambavyo serikali ya Kanada iliwanyang'anya Wakwakwaka'wakw miaka ya 1920 na ambavyo wazee walivipigania hadi vikarudi. Wapeleke watoto humo, msikimbilie mafuta tu. Utapita Seymour mara mbili, au utachagua njia ya nyuma yenye mikondo mikali ya Yuculta na Dent, na utarudi ukijua boti yako inafanya nini. Mwaka wa pili, chukua wiki tatu kwenda upande mmoja tu: Ketchikan ni maili 650 na ushei, siku 14 za mwendo wa saa saba na siku saba za kungoja. Endelea Wrangell kama muda upo, kuna yadi ya kupandisha boti nchi kavu kwa majira ya baridi, mrudi kwa ndege. Mwaka wa tatu, Juneau na barafu.

Karatasi. Unaingia Kanada hata kama hukusudii kushuka ufukweni. Wenye kadi ya ukaazi wa kudumu ya Marekani wabebe pasipoti halali ya nchi yao pamoja na kadi. Mwenye hadhi nyingine athibitishe habari za viza mapema. Ukifika kituo cha kuripoti, nahodha peke yake ndiye anayeshuka kupiga simu, wengine wanakaa botini hadi mruhusiwe. Bastola haiingii Kanada. Dawa ya kufukuza dubu inaruhusiwa ikiwa kopo limeandikwa ni la wanyama. Na isome bima yako ya boti, nyingi zina mpaka wa kaskazini ambao ukiuvuka huna bima tena.

Shemeji, kome na chaza. Kuna vijimea vya baharini vinavyotoa sumu inayoingia kwenye kome na chaza na jamaa zao wote, na sumu hiyo haifi kwa kupikwa, haionekani, haina ladha. Inaanza kwa midomo kufa ganzi na inaweza kusimamisha pumzi. Aina moja ya chaza wa Alaska huweza kuishikilia hadi miaka miwili. Msiokote wenyewe mpaka muwe mmethibitisha kwamba eneo hilo hasa limefunguliwa siku hiyo hasa, na Alaska, kwenye fukwe zisizopimwa, msiokote kabisa. Kaa aina ya Dungeness ni habari nyingine: nyama yake mle kwa raha, ila mtoe vya tumboni kabla ya kumpika, msivile wala msivitie kwenye mchuzi. Mtego mmoja wa kaa na mmoja wa kamba vinawatosha. Leseni ya British Columbia inanunuliwa mtandaoni kabla ya safari, kila anayevua na yake, na watoto hupewa bure lakini nao lazima wawe nayo.